Mbavu za Kola

Baba tulimpoteza Oktoba 1990, siku ya kufua. Mashati yake matano yalikuwa kambani, bado yanadondosha maji, na la sita alikuwa amelivaa. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa kilichonikalisha kuandika ni harufu tu. Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa akipiga pasi kibarazani nguo zilizotiwa wanga, na mvuke ukaingia jikoni kwangu nikiwa naosha sufuria. Wanga wa muhogo ukiguswa na chuma cha moto hunukia kama ukoko wa uji. Niliacha bomba likimwagika. Waliokulia Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, miaka ile wataijua harufu hiyo bila mimi kuieleza.

Tulipanga chumba na sebule katika ua wa Bi Asha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kiswahili kilikuwa lugha ya uani, Kinyarwanda kilikuwa cha shule na cha wakubwa, na redio za majirani zilikuwa zikiimba Kilingala toka asubuhi. Mama alikuwa dobi. Aliwafulia makapera wenye kazi za ofisini, hata wa kule Gisimenti, na nguo zao alizirudisha kwa miguu, furushi kichwani, shingo imenyooka ili zisipate mkunjo. Baba aliuza vitambaa katika duka moja la mjini. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na kila siku ya kazi alivaa shati jeupe na tai. "Muuza vitambaa mwenye shati bovu," alikuwa akisema, "ni kama kinyozi mwenye kichwa cha kichaka. Nani atakaa kwenye kiti chake?" Uani walimwita Minisitiri, yaani waziri. Akipita asubuhi Bi Asha alikuwa akimpigia kelele toka jikoni, "Minisitiri, serikali inasemaje kuhusu kodi yangu?" na baba aliinamisha kichwa kama mkubwa kweli, akajibu, "Faili lako liko mezani, Bi Asha."

Mashati yalikuwa sita, na hayakuongezeka. Kwa hiyo kazi ya mama nyumbani ilikuwa kuyafanya yadumu, na aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao nguo za wateja hazikuupata.

"Shati la mwanamume huanza kufa shingoni," alikuwa akiniambia. Ndiyo maana hakuanza na maji. Alililaza shati mezani, akafungua vifungo vyote, hata vya mikononi, maana kifungo kikifuliwa kimefungwa huvuta uzi na tundu lake hupanuka. Kisha alipaka sabuni ya mche kwenye mkunjo wa kola, akaiacha ikae wakati yeye anakunywa chai. Brashi hakuitaka. Jiwe hakutaka hata kuliona. "Wanaofua kwa jiwe hawafui uchafu," alisema, "wanafua shati." Alisugua kitambaa kwa kitambaa, kola juu ya kola, taratibu, kama mtu anayeosha uso wa mtoto aliyelala. Alisuuza, akachovya kwenye maji ya buluu ya kung'arisha mara moja na kulitoa. Hakusokota, alikamua kwa kubana kati ya viganja. Halafu alilianika kwa pindo, kichwa chini, ili vibanio visiache alama mabegani, na alilianika kivulini.

Wanga ndio niliopenda mimi. Mama alikoroga unga wake na maji baridi kwenye bakuli, akamimina maji yanayochemka huku mimi nikizungusha mwiko, na weupe ule ulibadilika ghafla mkononi mwangu, ukawa mzito na wa kung'aa kama kioo kichafu. Tulichuja kwa kitambaa, tukachovya kola na mikono, na sehemu ya mbele tukaipitishia kidogo tu. Kwenye pasi ya mkaa alianzia kola, toka nchani kwenda katikati, upande huu kisha upande ule. "Ukianzia katikati unasukuma mikunjo mpaka nchani, na nchani ndiko watu wanakoangalia."

Kwenye kola za baba kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukiona kwa mteja yeyote. Ncha zake zilisimama wima kwa sababu ndani yake, chini ya kila ncha, mama alikuwa ameshona kijifuko, na katika kijifuko baba aliingiza kipande chembamba cha plastiki. Alivikata mwenyewe toka kwenye mfuniko wa ndoo ya mafuta ya kupikia, wa rangi ya manjano, kwa mkasi wake wa dukani. Vilikuwa viwili tu, vya kuhamisha toka shati hadi shati. Aliviita mbavu. Sharti lake lilikuwa kwamba mbavu zitolewe kabla ya kufua, maana plastiki ikiingia kwenye maji ya moto hujikunja, na ikibaki kwenye kola hukata kitambaa kwa ndani. Na baba, aliyekuwa mwangalifu katika kila kitu, kila juma alisahau kuzitoa.

"Baba Jamila! Umeniachia tena mbavu zako majini!"

"Mke wangu, Adamu alitoa moja tu akapewa mke. Mimi nitoe mbili kila juma, na mke ni yule yule?"

"Ndiyo. Na ukisahau tena nitakufua wewe mwenyewe."

"Kwa mkono au kwa jiwe?"

"Kwa jiwe!"

Bi Asha alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alijifanya amekasirika, akamrushia mbavu zile, naye akazidaka, akazibusu, akazitia mfukoni. Nililala nikijua kwamba juma lijalo yatasemwa yale yale. Sidhani nimewahi kuwa na utajiri mwingine.

Mkunjo wa kola ulipoanza kutoa nyuzi, mama alichukua wembe, akafumua mshono ulioshika kola na shati, polepole, akiwa ameshikilia pumzi. Kisha aliigeuza, ule upande uliochoka ukaenda chini, na upande mzima ukaja juu, na fundi wa cherehani wa kibarazani akaishona tena. Baba alijitazama kwenye kioo kidogo, akashika shingo yake mwenyewe. "Nimezaliwa upya," alisema. Mama akamjibu, "Kola inageuzwa mara moja tu, Minisitiri. Upande wa tatu hauna."

Vita vilianza mpakani mwanzo wa Oktoba ile, na siku chache baadaye usiku ulijaa milio ya bunduki hapo hapo Kigali. Asubuhi tuliambiwa tusitoke. Mama alifua, kwa sababu maji yalikuwepo na mikono yake haikujua kukaa. Baba hakuweza kwenda kazini lakini alivaa shati na tai kama kawaida, akakaa kwenye kigoda uani. Nafikiri aliona kwamba mtu aliyevaa vizuri huulizwa maswali kwa adabu.

Askari waliingia uani wakati wa jua kali. Walitaka vitambulisho. Cha baba kilikuwa na neno la kabila ambalo mwezi ule lilitosha. Mmoja wao alisimama mbele ya kamba, akashika mkono wa shati lililolowa kwa vidole viwili, akauliza kwa Kiswahili cha kudhihaki, kwa kuwa Biryogo ulikuwa mtaa wa Kiswahili, "Mashati yote hii iko ya mtu moja? Wewe iko minisitiri?"

Hakuna aliyecheka. Bi Asha, aliyelianzisha jina hilo, alitazama chini.

"Nauza vitambaa, afande," baba alisema.

"Utakuja kuuza huko."

Walimchukua na wanaume wengine wawili wa mtaa wetu. Langoni aligeuka. Nilingoja aniite mimi. Alimtazama mama, akatazama kamba, ambako jua lilikuwa limeanza kuyafikia mashati, akasema, "Usiyaache juani." Ndilo neno la mwisho nililosikia toka kwake. Mama alikwenda akayahamisha yote matano kivulini, moja moja, kabla ya kuketi chini na kulia.

Watu wengi walikamatwa siku zile. Mama alizunguka kila mahali alikoambiwa wapo, na chakula kwenye bakuli lililofungwa, na mara zote alirudi na bakuli likiwa bado limefungwa. Kila juma aliyafua yale mashati matano, ingawa hakuna aliyeyavaa. Niliyanusa makwapani, yalinuka sabuni tu.

"Mama, mbona unayafua na ni safi?"

"Shati likikaa na wanga muda mrefu linakuwa njano, na mende wanakula kola. Lazima wanga utoke, uingie mwingine."

"Kwa nini usiache bila wanga?"

Alinitazama kana kwamba nimesema neno baya. "Baba yako akirudi jioni, kesho yake atakwenda kazini na nini?"

Basi tulifua. Nilikoroga wanga, nikashika kamba, nikamletea mkaa. Moyoni nililigeuza jambo hilo, kama watoto wanavyofanya, nikaamini kwamba ni wanga unaomngoja baba, kwamba mradi kola zimekakamaa na zinasimama pale nyuma ya mlango kwenye misumari yake, yeye hawezi kupotea. Juma moja mama aliugua homa, hakufua, nami nilikuwa nikiamka kugusa kola kwa kidole, kupima kama bado ni ngumu.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua ndefu, waliokamatwa walianza kuachiwa. Walirudi wamekonda, macho makubwa. Wale wawili wa mtaani kwetu walirudi. Mama aliyapiga pasi mashati upya siku hiyo hiyo.

Aliyekuja kwetu alikuwa mtu tusiyemjua. Aliitwa Venanti. Alikuwa mrefu na suruali yake ilifungwa kwa kamba ya katani. Alisema ametokea Ndera, kwa mama yake, ndiko anakokaa tangu atoke, na kwamba huko ndani alilala ubavuni mwa baba. Mama alimkaribisha kiti, akanipa ndoo.

"Jamila, nenda kisimani."

"Maji yapo, mama."

"Nenda."

Nilikwenda nikarudi mbio, nusu ya maji imenimwagikia miguuni. Venanti alikuwa anaondoka. Sebuleni, juu ya meza ya kupigia pasi, zililala mbavu mbili za manjano. Mama alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono imeanguka ubavuni. Nilisikia maneno ya mwisho ya mgeni, akiwa mlangoni: "Alisema hivi: mwambie safari hii nimezitoa mwenyewe."

Nilitaka kuruka kwa furaha. Mbavu zilikuwa zimerudi, na mbavu zilitolewa kwenye kola kabla ya kufua. Kwa hiyo baba yuko mahali, shati lake linakwenda kufuliwa, na amekumbuka. Niliwaza hivyo, na sikuona tundu lolote katika mawazo hayo.

Kesho yake mama aliyatoa mashati yote matano nyuma ya mlango, akayaloweka. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama ya mchele. Akayamwaga, akatia mengine, akasuuza, akamwaga, akarudia, mpaka maji yakawa kama hayakuguswa na kitu. Nilikuwa nimeshaleta bakuli na mwiko.

"Leo hakuna wanga," alisema.

Aliyapiga pasi yakiwa laini, yakalegea mikononi mwake kama kanga. Aliyakunja, akayafunga kwenye shuka la zamani la buluu, akayaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na majani makavu ya mkaratusi. Nikaelewa, au nilifikiri nimeelewa. Nguo zinazofungwa ni za safari. Venanti ametoka Ndera, mbavu zimetoka Ndera, basi baba amepata kazi Ndera, na mashati yake yanapelekwa huko.

Nilitoka nje kuutangazia ua mzima. "Baba yangu yuko Ndera! Mama anamfungia mashati!"

Watoto wa jirani walinizunguka. "Ndera?" mmoja alisema. "Ndera ndiko hospitali ya wendawazimu, sha! Baba yako amekuwa kichaa!"

"Si kichaa! Anafanya kazi!"

"Minisitiri wa vichaa! Minisitiri wa vichaa!"

Nilimkamata nywele yule aliyeanza, tukaangushana matopeni, mpaka Bi Asha akatutenganisha kwa mwiko. Aliuliza kuna nini. Nilimwambia kwa fahari, nikiwa natoka damu mdomoni, kwamba baba yuko Ndera na mashati yake yameshafungwa, na atatuita. Nilingoja apige kelele zake, aseme serikali imehamia Ndera. Badala yake alinishika mkono, akanikalisha jikoni kwake, akanipa andazi la moto lililokuwa la kuuza.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kula kwanza."

Jioni mama aliniosha mdomo. "Nani amekwambia habari za Ndera?"

"Nimeona mashati."

Aliendelea kuniosha muda mrefu kuliko kidonda kilivyotaka. "Usiwaambie watu mambo ya nyumbani," alisema mwishoni, na hakuniambia kwamba nimekosea. Nilingoja Venanti aje kulichukua sanduku. Kila mtu mrefu aliyepita langoni nilimkimbilia. Hakuja, na sikuambiwa siku moja kwamba baba hayupo. Nililijua kidogo kidogo, kama unavyojua kwamba kiatu hakikutoshi tena. Matanga hayakuwekwa. Mama hakuona maiti wala kaburi. Nilipokuwa mkubwa aliniambia kile Venanti alichosema: kwamba baba aliugua huko ndani, wakaja kumchukua hawezi kusimama, na kabla hawajamtoa alizivuta mbavu toka kwenye kola yake na kumtia mwenzake mkononi. Hakurudishwa. Venanti hakuona zaidi ya hapo, na kwa uaminifu wake hakuongeza.

Ya Aprili 1994 sitayaandika hapa. Wa rika langu hawahitaji kuambiwa, na mimi sijui namna ya kuyaandika. Nitasema habari ya mashati tu. Bi Asha alituficha mimi na mama katika chumba chake cha nyuma, na watu wengine wakaongezeka humo. Waliotutafuta aliwaambia kwa sauti yake ile kwamba hapa pana wajukuu zake na mgonjwa wa kuhara, na kama wanataka kuhara waingie. Baadhi ya wanaume walifika wakiwa na nguo zilizochanika na zenye damu. Mtu mwenye damu hawezi hata kuvuka ua kwenda chooni bila kuonekana ametoka wapi. Mama alimtuma Bi Asha chumbani kwetu, naye akaja amebeba sanduku kichwani kama mtu anayehamisha vyombo.

Mama alifungua shuka la buluu. Baada ya miaka ile yote yalikuwa meupe kama siku alipoyaweka, hakuna alama ya njano hata kwenye mikunjo. Alimpa la kwanza kijana aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kijana alilishika, hakulivaa.

"Mama, hili ni la harusi."

"Ni la kazi," mama alisema. "Vaa."

Nilimwona akigawa manne. Alimfunga kila mmoja kifungo cha juu mwenyewe, akanyoosha kola kwa kidole, kama alivyokuwa akimfanyia mtu mmoja kila asubuhi. Watatu kati ya wanaume hao niliwaona tena baada ya vita, mmoja hapana. Kwa hesabu ya mtoto aliyekaa gizani nilidhani mashati yote yamekwisha. Sanduku lilifungwa, na sikuliona likifunguliwa tena.

Shule niliishia darasa la sita, nikaingia kazi ya mama. Tulifua pamoja miaka mingi, na nyumba kubwa zilipojaa Nyarutarama tukapata kazi huko. Siku moja bwana wa nyumba alikuwa anakwenda ng'ambo kwa muda mrefu, akataka mashati yake yahifadhiwe. Nilichemsha maji ya wanga kama kawaida. Mama akalizima jiko.

"La kuvaliwa litie wanga," alisema. "La kuwekwa litoe wanga. Usichanganye."

Nilibaki na mwiko mkononi. Nilimtazama, na nadhani alijua ninachokitazama: mwanamke mwingine, kijana zaidi, akimwaga maji meupe kama ya mchele, na mtoto pembeni aliyeleta bakuli. Alikuwa amejua tangu siku ile. Kila mtu uani alikuwa amejua, isipokuwa mimi niliyekuwa nikitangaza. Mama aliendelea kukunja mashati ya bwana. "Hii mikono umeikunja vibaya," alisema, akaikunjua, akaikunja tena.

Mama alifariki mwaka huu, mvua zilipoanza. Alikuwa mzee, aliumwa kwa muda, alikwenda kimya. Baada ya siku za msiba kupita nilivuta lile sanduku la bati toka chini ya kitanda chake. Nilitegemea kukuta hati za kiwanja na kanga zake. Vilikuwepo. Chini yake kulikuwa na shuka la buluu, na ndani ya shuka shati moja.

Nililijua kabla ya kulikunjua, kwa sababu halikukunjuka. Lilikuwa gumu. Kola ilisimama, na nilipoigusa kwa kidole, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni, ilitoa ule mlio mdogo wa wanga mpya. Hapakuwa na mende, hapakuwa na njano. Lakini kitambaa kilikuwa kimekonda hata ningeweza kusoma gazeti kupitia kifuani, na mkunjo wa kola ulikuwa umetoa nyuzi. Niliipindua kola nikaona mishono ya mkono, mishono ya mama, midogo na iliyopinda kidogo toka macho yake yalipoanza kuchoka. Alikuwa ameshaigeuza. Upande wa kwanza ulikuwa umeliwa, na wa pili umeanza kuliwa, na hakuna shingo iliyoingia humo tangu mwaka ule. Ni sabuni tu, na pasi.

Kila mwezi nilikuwa nikimnunulia wanga sokoni. Alisema ni wa vitambaa vya meza. Nilimwona navyo kweli vitambaa vya meza, vimekakamaa, nikaona ndiyo kazi inayompitishia siku nikiwa kazini. Sikuuliza.

Ndani ya kola, kila moja katika kijifuko chake, zilikuwemo mbavu mbili za manjano.

Nilikaa na shati lile siku kadhaa. Nilijua kanuni: la kuwekwa litoe wanga. Jumamosi nilitoa mbavu kwanza, nikaziweka dirishani. Nikafungua vifungo vyote. Nilipaka sabuni kwenye mkunjo, nikanywa chai, nikasugua kitambaa kwa kitambaa bila kuvuta, maana kingechanika. Maji ya kwanza yalitoka meupe. Nikamwaga, nikasuuza, nikamwaga, mpaka yakatoka safi kabisa, na nikasimama pale na shati laini mikononi, limelegea, limekwisha.

Halafu nikaweka maji jikoni. Nikakoroga wanga na maji baridi kwenye bakuli, nikamimina ya moto nikizungusha mwiko, peke yangu, hadi ukabadilika. Nikachuja. Nikachovya kola na mikono. Nikalianika kwa pindo, kivulini, na nikalianua likiwa bado na unyevu. Niliwasha mkaa. Nikaanza na kola, toka nchani kwenda katikati, upande huu kisha upande ule, na ilipopoa nikazirudisha mbavu mahali pake.